Mwalimu Aliyeiacha Nyumba Yangu Kabla ya Muda

Simu ilinikuta namlisha mume wangu uji. Aliyepiga ni jirani wa nyumba yetu ya Kayanga, mama mmoja anayekaanga vitumbua kando ya barabara, na hakuwa na desturi ya kunipigia. Aliniuliza hali ya mgonjwa, nikamwambia yupo vilevile. Kisha akasema, "Mama, mpangaji wako ameniachia ufunguo. Amesema nikupe ukija."

"Amesafiri?"

"Hakuniambia. Juzi ilikuja pikapu ikapakia godoro na mabegi. Na watoto wa shule sijawaona wiki nzima."

Nilimshukuru, nikakata simu, nikaendelea na uji. Mume wangu alikuwa ananitazama. Nilimwambia si kitu, ni mambo ya Kayanga. Nikampangusa kidevu.

Nyumba ile tuliijenga kwa miaka kumi na mmoja. Mimi nilikuwa mkunga wa zahanati, yeye dereva wa serikali, na kila mwaka tulikuwa tunapata kitu kimoja tu cha kuongeza: mwaka huu mabati, mwaka ule madirisha, mwaka mwingine hakuna. Mpango wetu ulikuwa tukistaafu tuhamie hapo, tuwe karibu na hospitali na soko. Tulipostaafu tukaona kibanja chetu cha migomba cha Kiruruma hakina wa kukiangalia, na mgomba ukiuacha peke yake miezi mitatu unakugeuka. Basi tukabaki Kiruruma, ile ya Kayanga tukasema tupangishe.

Mpangaji wetu alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mzaliwa wa Kyerwa, katika familia ya asili ya Rwanda iliyofika huku tangu enzi za babu yake. Alisomea ualimu wa watoto wadogo, akafundisha shule ya watu kwa miaka kadhaa, sasa alitaka kufungua chekechea yake mwenyewe. Alipoiona sebule yetu kubwa yenye madirisha mawili upande wa barabara, alisimama katikati akageuka polepole, kama mtu anayepima kitambaa. Tukaandikiana mkataba wa miaka miwili mbele ya mwenyekiti wa kitongoji. Kodi ya miezi sita akalipa papo hapo. Ulikuwa mwezi wa kwanza, shule zinafunguliwa, na mume wangu ndiye aliyeandika mkataba kwa mkono wake, kwa sababu mwandiko wangu ni wa zahanati, hausomeki.

Mwezi wa pili mume wangu alianguka kwenye migomba akiwa na panga mkononi. Kiharusi. Mkono wa kulia ukalala, mguu wa kulia ukalala, na Kiswahili chote alichokisema tangu ujana, katika barabara zote zile alizoendesha, kikamtoka. Kikabaki Kinyambo cha kwao, nacho neno moja moja. Mimi ni Mhaya, na lugha zetu zinakaribiana, kwa hiyo tunaelewana. Lakini tangu siku hiyo maisha yangu yakawa ni kumgeuza, kumwogesha, kumlisha, kufua, kulima kidogo, kumgeuza tena. Nimezalisha wanawake kwa miaka zaidi ya thelathini, nilidhani najua kuchoka. Nilikuwa sijui.

Kwa hiyo siku ya pili baada ya ile simu, nilipopanda bodaboda kwenda Kayanga, sikuwa na hasira. Hasira inataka nguvu. Mgonjwa nilimwachia mke wa shemeji yangu, nikamwelekeza dawa, nikaondoka na kanga mbili kwa sababu ya mvua.

Jirani alinipa ufunguo uliofungwa kwenye karatasi ya daftari. Haikuwa na maandishi. Nikafungua mlango.

Sebule ilikuwa imefagiliwa. Viti vidogo vya plastiki, vyekundu na vya bluu, vimepangwa kimoja juu ya kingine kwenye kona, minara mitano. Ukutani alikuwa amechora herufi kubwa kuzunguka chumba chote, na chini ya kila herufi picha: *b* ya bata, *k* ya kuku, *n* ya ng'ombe mwenye pembe ndefu za kwetu. Ng'ombe yule alikuwa amechorwa vizuri kuliko wengine wote. Vyumba vya nyuma vilikuwa vitupu. Alilipa miezi sita, mwezi wa saba akalipa mingine mitatu, na hiyo mitatu ilikuwa imeisha siku chache tu zilizopita. Mkataba ulikuwa bado na mwaka mmoja na miezi mitatu.

Nilizunguka uani kuona kama ameharibu kitu. Hakuharibu. Kulikuwa na shimo nyuma ya jiko, la kina cha kufika kifuani mwa mtu, limezungushiwa matawi ya miiba yaliyofungwa kwa kamba za migomba ili watoto wasisogee. Nilipita hapo haraka.

Nilipiga namba yake. Iliita mpaka ikakatika. Nikapiga tena, ikawa imezimwa.

Jioni ile shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, alikuja nyumbani na ushauri wake tayari. Ni mtu mzuri, lakini anapenda vita vya wengine.

"Shemeji, badilisha kufuli leo leo. Vile viti ni vyako sasa. Viuze."

"Ni vya mwalimu."

"Alikuwa mwalimu alipokuwa analipa. Mkataba si unasema miaka miwili? Basi anadaiwa mwaka na robo. Mpeleke mahakamani, atalipa hata kwa kuuza ng'ombe wa baba yake."

Mume wangu alikuwa amelala kwenye mkeka wake karibu na mlango, anatusikiliza. Alisema neno moja la Kinyambo lenye maana ya "taratibu". Shemeji akanyamaza, kwa heshima tu ya kaka yake.

Nilirudi Kayanga kwa mwenyekiti wa kitongoji, yule yule aliyeshuhudia mkataba. Alikuwa anachambua kahawa kwenye turubai mbele ya nyumba yake. Alikumbuka kuweka sahihi lakini hakukumbuka kilichoandikwa.

"Mimi naweza kuwaita mkae mzungumze," akasema. "Lakini hapatikani kwenye simu, nitamwita vipi? Nenda kwa yule dada wa msaada wa kisheria nyuma ya stendi. Hatozi hela. Mpelekee mkataba wenyewe, usimhadithie."

Msaidizi wa kisheria alikuwa binti mdogo kuliko mwanangu wa mwisho, amejifunga kitenge juu ya gauni la ofisini. Aliniamkia, akanipa kiti, akaniuliza kama nimekula. Nikamweleza yote. Nikamweleza na ushauri wa shemeji.

"Viti usiviguse, mama," akasema. "Vihifadhi tu. Ukiviuza bila amri ya mahakama, kesi itageuka, wewe ndiye utakayeshtakiwa. Na kufuli, kama amekurudishia ufunguo kwa hiari, nyumba umeshaipokea, hapo huna shida. Ila kama angekuwa na vitu vyake ndani na ufunguo anao, usingeweza kumfungia."

"Na huo mwaka na robo?"

"Huwezi kukaa na nyumba tupu, mikono kifuani, halafu umdai kodi yote mpaka mkataba uishe. Sheria inakutaka utafute mpangaji mwingine. Utakachoweza kudai ni hasara uliyoipata kweli mpaka ukampata huyo mwingine, na ile notisi kama mliandika notisi."

"Tuliandika. Miezi mitatu."

"Vizuri. Naomba niusome."

Nilimpa. Alisoma polepole, kidole kikifuata mistari ya mume wangu. Ule mwandiko wa dereva, wima na safi, sikuwa nimeuona tangu aanguke. Niliangalia dirishani, nikawahesabu kuku wa jirani yake.

Kidole kikasimama.

"Mama, hapa pameandikwa kwamba mwenye nyumba atajenga choo cha watoto chenye matundu mawili ndani ya miezi mitatu tangu siku ya mkataba. Kilijengwa?"

Natamani ningeweza kuandika hapa kwamba nilikuwa nimesahau. Sikuwa nimesahau. Shimo tulianza kuchimba mwezi wa kwanza, fundi akapewa hela ya awali, tofali zikaletwa. Mume wangu alipoanguka, fundi nilimwambia asimame kwanza. Hela ya saruji ikaenda hospitali. Mwalimu alinipigia mwezi wa nne akaniuliza, nikamwambia subiri kidogo. Akanipigia mwezi wa sita, nikamwambia si unajua hali yangu. Hakunipigia tena kwa habari ya choo, na mimi nikaona ameelewa.

"Hakikujengwa," nikasema.

Binti aliufunga mkataba, akauweka mezani kati yetu. Hakunilaumu, na nilitamani anilaumu kidogo.

"Ukienda mahakamani, mama, hakimu atasoma mstari huu kama nilivyousoma mimi. Mwalimu hakutoa notisi, ni kosa lake. Wewe hukujenga choo, na wewe ulitangulia. Nyumba ilikodiwa kwa shule, na shule bila choo haisimami. Unaweza kwenda, ni haki yako, sikukatazi. Lakini utaitwa leo, kesi itaahirishwa, utaitwa mwezi ujao, na mgonjwa wako nani atamlisha siku hizo? Mtafute. Mkikubaliana, andikeni. Nitawaandalia karatasi mimi mwenyewe."

Muuza vitumbua ndiye aliyenisaidia kumpata. Mdogo wake alikuwa amemwona mwalimu huko Nkwenda, upande wa kwao Kyerwa, kwenye ghala la mnunuzi wa mazao, anachambua maharage.

Nilikaa wiki mbili kabla ya kwenda. Nilijiambia nangoja mvua ipungue, kisha nangoja mke wa shemeji amalize kupanda. Ukweli ni kwamba sikuwa na hamu ya kumwona. Kumdai mtu ambaye hujamkosea ni rahisi kuliko kumwendea uliyemkosea naye kakukosea, hujui uanzie wapi.

Niliondoka asubuhi, nikabadilisha gari pale Omurushaka, nikafika Nkwenda saa tano na kitu, miguu imevimba. Ghala lilikuwa karibu na soko. Ndani wanawake kama ishirini walikaa chini kwenye magunia, mbele ya kila mmoja rundo la maharage, mikono inakwenda bila wao kutazama: zima huku, lililooza huku, kokoto kule. Walikuwa wanaongea Kinyambo na Kinyarwanda na kucheka. Niliposimama mlangoni wakanyamaza.

Alinitambua kabla sijamtambua. Kitambaa kichwani, vumbi la maharage mpaka kwenye nyusi. Aliinuka, akajipangusa mikono kwenye sketi, akaja akapiga goti.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwalimu."

Mmoja wa wanawake alicheka kidogo aliposikia "mwalimu", si kwa ubaya. Nadhani hawakuwa wanajua.

Tukatoka nje, tukakaa kwenye ngazi ya duka lililofungwa. Aliniuliza habari za mzee, nikamwambia sasa anakaa mwenyewe akiegemezwa. Akashukuru Mungu. Malori yalikuwa yanageuza mbele yetu.

"Uliondoka bila kuniaga," nikasema mwishowe. Sauti yangu ilitoka dhaifu kuliko nilivyoiandaa.

"Nilikosa, mama. Nisamehe."

"Simu ulizima."

"Nilikuwa naona haya." Aliangalia mikono yake. "Bwana afya alikuja mwezi wa nane. Akahesabu watoto, wako thelathini na wanane. Akaniuliza choo, nikamwonyesha kile kimoja cha ndani. Akaniuliza lile shimo ni la nini. Akanipa siku thelathini. Wazazi wakasikia. Kila Jumatatu wanapungua wawili, watatu. Mwishoni walibaki sita, na sita hawalipi mshahara wa mpishi wa uji, sembuse kodi."

"Ungeniambia kuhusu huyo bwana afya."

"Nilikuja kukuambia."

Nikamtazama.

"Nilikuja Kiruruma, mama. Hukumbuki? Nilileta sukari."

Nilikumbuka. Ilikuwa siku ya jua kali, mwezi wa nane mwishoni. Alifika na kilo mbili za sukari na sabuni, akasalimia, akakaa. Mimi nilikuwa nambadilisha mume wangu shuka, na siku ile alikuwa ameharisha, na alikuwa analia kwa sababu ya aibu, mtu mzima analia kama mtoto mbele ya mgeni. Mwalimu aliinuka bila kuambiwa, akachukua ndoo, akaenda kuchota maji, akafua zile shuka uani. Akanywa chai. Akaondoka. Nilimsindikiza mpaka njiani nikimshukuru kwa kuja kumwona mgonjwa.

"Nilikuwa na maneno yangu yote tayari," akasema. "Hata notisi nilikuwa nimeiandika, imo kwenye mkoba. Lakini nilipoona ile hali, nikasema nikimtolea huyu mama karatasi sasa hivi, mimi ni mtu wa namna gani? Nikasema nitarudi wiki ijayo. Ilipofika nikashindwa. Nikaona bora niondoke tu kimya, useme mpangaji mbaya, basi."

Nilikuwa nimekuja na hesabu ya notisi ya miezi mitatu, nimeiandika kwenye kipande cha karatasi ili nisijichanganye, na kipande kile kilikuwa mkononi mwangu kimelowa jasho. Nilikikunja nikakiingiza kwenye pochi.

"Choo nilikuahidi mimi," nikasema. "Tulikuandikia."

"Najua, mama."

"Mbona hukuniambia kwamba mimi ndiye niliyevunja mkataba kwanza?"

Alitabasamu kidogo, kwa mara ya kwanza. "Ningemwambiaje mtu mzima?"

Alininunulia chai na chapati kwenye kibanda cha jirani, kwa hela ya kuchambua maharage, na nilikula kwa sababu nilikuwa na njaa na kwa sababu kukataa kungekuwa matusi. Tukakubaliana aje Kayanga Jumamosi. Aliniuliza kama viti vyake vipo. Nikamwambia vipo vyote. Akafumba macho kwa muda kama mtu aliyetuliwa mzigo.

Jumamosi ile tulikaa barazani kwa mwenyekiti, pamoja na yule binti wa msaada wa kisheria na karatasi yake. Iliandikwa kwamba mkataba umekwisha kwa hiari ya pande zote mbili, nyumba imerudishwa ikiwa salama, mpangaji atachukua vitu vyake, wala hakuna anayemdai mwenzake. Shemeji alikuja bila kualikwa. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kwa hiyo miezi mitatu imepotea hivihivi," akaondoka bila kunywa soda. Mpaka Krismasi hakukanyaga kwangu. Hakuwa na kosa kamili. Kodi ya miezi ile ilikuwa ni dawa za kaka yake, naye alikuwa anajua ni nani atakayefuatwa zikikosekana.

Mwalimu alijitolea kupaka ukuta rangi upya kabla ya kuondoka. Nilimwambia aache. Alisisitiza, nikamwambia tena aache, kwa ukali kidogo, kwa sababu nilikuwa nimechoka na sikutaka siku nyingine ya kukaa Kayanga kumsubiri mtu apake rangi. Akapakia viti vyake kwenye pikapu ya mjomba wake. Tukapeana mikono.

Nyumba ilikaa tupu mpaka mwezi wa pili. Walikuja wengi kuitazama. Mmoja alitaka kuweka baa, nikakataa. Mmoja alisema herufi za ukutani zinamchosha macho. Mwishowe aliingia karani mmoja na mkewe na watoto wawili, kwa kodi ndogo kuliko ya mwalimu, na kabla hawajaingia nilifukia lile shimo, maana sikuwa na uwezo wa kulimalizia wala ujasiri wa kuliacha wazi. Tofali niliziuza. Mkataba wa karani niliuandika mwenyewe, mfupi, wa mwaka mmoja, na sikuahidi kitu.

Watu wananiuliza kama nilifanya sawa. Wengine wanasema nilikuwa mpole mno, wengine wanasema nilibahatika sikushtakiwa. Mimi sijui. Najua tu kwamba katika njia zote nilizoonyeshwa, nilichagua ile ambayo mwili wangu ungeweza kuibeba.

Mwaka jana mwalimu alinipigia. Kuna shule ya watu binafsi huko Kyerwa ilitaka kumwajiri, na walimwomba barua ya mtu mzima anayemfahamu, si ndugu. Alijizungusha sana kabla ya kuomba. Nikamwambia nitaandika.

Nilianza barua ile asubuhi nikaiacha, mgonjwa aliniita. Nikaanza tena mchana, baada ya kumwogesha, nikiwa nimekaa kizingitini na daftari magotini. Niliandika kwamba ninamfahamu, kwamba alikaa katika nyumba yangu kwa miezi tisa, kwamba alifundisha watoto thelathini na wanane na wote walimpenda, na kwamba sina malalamiko juu yake. Nilitaka kuongeza habari ya zile shuka, nikaona mwajiri hatajua zinahusu nini. Mume wangu aliniuliza kwa neno lake moja, ni nini hicho? Nikamsomea yote, nikimtafsiria Kinyambo pale alipokwama. Akatikisa kichwa akikubali, kisha akanyoosha mkono wa kushoto akitaka kalamu.

Ilichukua muda. Nilimshikia daftari. Aliweka alama pale chini, mstari mmoja uliopinda, kando ya jina langu, ndiyo sahihi yake. Nikaikunja barua nikaenda nayo barabarani kungoja bodaboda ya kuifikisha stendi.